Mastaa na Mijengo ya Kupanga: Dalali Analipwa Siku ya Funguo, Mvua Unabaki Nayo Wewe

Wadau, kila baada ya miezi michache mjini hapa lazima izuke stori ile ile. Staa fulani katolewa kwenye mjengo aliokuwa anauposti kila Jumapili, makochi yako nje ya geti, na mtandao unacheka wiki nzima. Mara hii ni binti wa Bongo Muvi, mara ile kijana wa singeli, mara nyingine mtangazaji ambaye juzi tu alikuwa anatufundisha namna ya kutunza hela. Majina siyataji, na wewe unayeyajua yameze tu, maana leo simwongelei aliyetolewa. Namwongelea mtu ambaye hayumo kwenye picha hata moja: dalali aliyempeleka pale.

Mimi ni dalali. Mwaka wa kumi na moja huu napeleka watu kuona nyumba Dar es Salaam, kuanzia chumba masta Sinza hadi ghorofa Mbezi Beach, na viwanja vya Goba, Madale na Kigamboni. Nikisoma zile komenti za "kapenda sifa" na "si angejenga kwao", huwa natabasamu kwa uchungu kidogo. Wapenda sifa wapo, sikatai. Lakini staa aliyetolewa Mbezi Beach na muuza mitumba aliyetolewa Tandale mara nyingi wameingilia mlango mmoja: walimsikiliza dalali wakidhani ni mtu wao.

Dalali si mtu wako. Dalali ni mtu wa siku ya funguo. Siku hiyo analipwa, na baada ya hapo maji, fensi, jirani, mafuriko na kesi ya urithi ni mali yako. Usinielewe vibaya, sisemi madalali wote ni matapeli. Nasema hata dalali mwema, anayesali na kufunga, analipwa kwa namna inayomfanya anyamaze pale ambapo wewe ulihitaji aongee.

HELA INAVYOTEMBEA

Utaratibu unaujua. Unapiga simu, unaambiwa uje na hela ya kuonyeshwa, elfu kumi au elfu ishirini, kutegemea mtaa na jinsi ulivyovaa. Ukiipenda nyumba, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, wengine mwaka mzima, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Chukua nyumba ya laki nne kwa mwezi. Miezi sita ni 2,400,000. Udalali 400,000. Umetoa 2,800,000 kabla hujanunua hata pazia.

Sasa piga hesabu nyingine. Tuseme nyumba ile ile ingeweza kushuka hadi laki tatu na nusu. Wewe ungeokoa laki tatu kwenye kodi ya miezi sita. Mimi ningepoteza elfu hamsini kwenye udalali wangu, na ningepoteza na mapenzi ya mwenye nyumba, ambaye kesho ana nyumba nyingine ya kunipa. Unategemea nikusaidie kubembeleza bei kwa moyo wote? Wewe unanilipa mara moja baada ya miaka miwili. Yeye ananilisha kila mwezi.

Halafu kuna jambo la minyororo. Uliyempigia simu huenda hajawahi kumwona mwenye nyumba. Anamjua dalali anayemjua dalali anayemjua mlinzi wa geti. Wote hao wanakula, na wengine hawasubiri udalali, wanaweka cha juu kwenye kodi yenyewe. Ndiyo maana unaweza kuhamia, ukakaa na jirani uwani mkimenya viazi, ukagundua mwenzako analipa laki tatu kwa vyumba vile vile, geti lile lile.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa kumuuliza dalali ni hili: "Mwenye nyumba unamjua wewe, au kuna mtu katikati?" Akianza kuzungukazunguka, jua mpo wengi kwenye hiyo sahani.

NYUMBA YA KUPOSTIA

Tuje kwa mastaa wetu. Dalali mwenzangu alimpeleka kijana mmoja wa muziki kuona nyumba ya milioni tatu kwa mwezi. Kijana alikuja na wenzake watatu na kamera moja. Hakuuliza maji. Hakuuliza mwenye nyumba yuko wapi. Aliuliza kama taa za kwenye ngazi zinabadilika rangi. Akalipa miezi sita, milioni kumi na nane, na udalali milioni tatu, na jioni ile ile ukaona mtandaoni "Mungu ni mwema, mjengo wangu". Wangu!

Hela ya msanii inakuja kwa msimu. Ukiingia mwezi wa Ramadhani, shoo nyingi zinasimama. Tangazo la kampuni linalipwa leo, lijalo hujui. Kodi haijui mfungo wala msimu. Mwezi wa saba ulipofika kijana hakuwa na milioni kumi na nane nyingine, na mwenye nyumba hakuwa na habari na wafuasi wake. Hakuwa mjinga yule. Alikosa tu mtu wa kumuuliza, "Mwezi wa saba utalipa na nini?" Na dalali halipwi kuuliza swali hilo. Akiliuliza, anaweza kuikosa milioni tatu yake.

Sisi wa kawaida tunafanya vile vile kwa kiwango chetu. Mtu amepata laki saba ya mshahara, anachukua nyumba ya laki tatu na nusu kwa sababu ina jipsam na vigae vinavyong'aa, na dalali anamwambia "utajipanga tu, boss". Kanuni yangu ninayowaambia wateja wanaotaka kusikia ni rahisi: ukilipa miezi sita leo, mwezi huu huu anza kuweka pembeni moja ya sita ya kodi ijayo. Ukiona mwezi wa kwanza umeshindwa, nyumba hiyo si yako, na umejua mapema ukiwa bado una miezi mitano ya kutafuta nyingine.

Na wale mnaopanga Masaki na Oysterbay mkitajiwa kodi kwa dola, kumbukeni kanuni zilizotoka 2025 zinakataza kupanga bei za bidhaa na huduma za humu ndani kwa fedha za kigeni. Mwambie akuandikie shilingi. Dola ikipanda, kodi yako isipande nayo.

MKATABA UNA JINA LA NANI?

Hapa ndipo penye kidonda, na ndipo wadada wengi wanapoumia.

Kuna wenye nyumba wananipigia simu na masharti: "Usiniletee wasanii." "Usiniletee binti anayeishi peke yake." Ukiuliza kwa nini, unaambiwa kelele, unaambiwa wageni wa usiku. Binti ana kazi yake, hela yake mkononi, analipa mwaka mzima, bado anakataliwa. Anachofanya ni nini? Anatafuta mwanaume wa kusimama mbele. Mjomba, meneja, mchumba. Mkataba unaandikwa jina la huyo. Na sisi madalali tunashauri hivyo, tena tunaona tumesaidia: "Mlete tu shemeji asaini, yaishe."

Namfahamu mwigizaji mmoja yalimkuta. Kodi alilipa yeye, kila senti, kutoka kwenye simu yake. Mkataba ulikuwa jina la mchumba. Mapenzi yalipokwisha, jamaa alikuja na karatasi yake na mwenye nyumba pembeni, kistaarabu kabisa, akamwambia dada achukue vitu vyake. Dada ana miezi minne aliyoilipia. Ana nguo kwenye viroba. Kwenye karatasi hayupo.

Watu walicheka mtandaoni wiki nzima. Mimi sikucheka, kwa sababu najua wauguzi, walimu na wafanya biashara wa Kariakoo wangapi wanaishi hivyo hivyo sasa hivi, hawana wafuasi hata mia.

Ushauri wangu: anayelipa ndiye anayesaini. Kama mwenye nyumba anang'ang'ania mwanaume, muweke huyo kama shahidi au mdhamini, jina la mpangaji libaki lako. Akikataa hata hilo, ondoka. Na lipa kwa njia inayoacha alama, benki au simu, kwenda kwa mwenye nyumba mwenyewe, ukaandike "kodi ya pango" na miezi yake. Fedha taslimu kwa mkono wa dalali, bila risiti, ni sadaka.

Mkataba una uzito kuliko watu wanavyodhani. Zamani tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984. Ilifutwa 2005. Tangu hapo kodi ni makubaliano yenu wawili. Hakuna mtu wa serikali atakayekuja kumwambia mwenye nyumba wako kwamba kupandisha kutoka laki tatu hadi laki tano ni nyingi. Kinachoweza kumzuia katikati ya muda ni karatasi aliyosaini. Kwa hiyo hakikisha imeandika kodi ni kiasi gani na haibadiliki hadi lini, notisi ni miezi mingapi kwa kila upande, nani anatengeneza paa likivuja na pampu ikifa, na ukiondoka mapema hela ya miezi iliyobaki inakuwaje. Mikataba mingi ya mjini hapa ina kurasa mbili za mambo ambayo mpangaji haruhusiwi, na haina mstari hata mmoja wa anachopaswa kufanya mwenye nyumba.

NENDA BILA DALALI

Dalali anakupeleka saa nne asubuhi, siku ya jua, umeme upo, na tenki lilijazwa jana. Nyumba inapendeza. Sasa rudi mwenyewe, mara mbili.

Rudi usiku, saa tatu au saa nne, Ijumaa. Utajua kama baa ya jirani inafunga muziki au inaanza, na kama njia ya kutoka kituoni hadi getini ina taa. Utajua bodaboda wanadai bei gani usiku, maana hiyo nayo ni kodi.

Halafu rudi siku ya mvua. Hakuna dalali atakayekupeleka siku ya mvua. Angalia maji yanatoka wapi yanakwenda wapi. Angalia ukuta kwa chini kama una mstari wa rangi tofauti, maana ule ni mstari wa maji yalikofika, na rangi mpya iliyopakwa futi mbili za chini peke yake haikupakwa kwa urembo.

Ongea na watu ambao hawana udalali kwenye nyumba hiyo. Mama ntilie wa kona, kijana wa boda, fundi cherehani, muuza genge. Uliza mambo mawili tu: maji ya DAWASA yanatoka siku ngapi kwa wiki, na aliyekuwa anakaa pale amehama kwa nini. Mama ntilie mmoja atakuokolea milioni mbili kwa bei ya sahani ya wali maharage.

Umeme nao usiupite. Uliza mita ya LUKU ni yako peke yako au mnachangia. Kama mnachangia, nani ana friza ya kuuzia barafu? Kumbuka pia tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Kodi ile ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni wewe, kwa hiyo unamlipia kila mwezi. Ni hela ndogo, lakini una haki ya kuitaja mnapokubaliana kodi.

BONDE NA ALAMA YA X

Mji huu una kumbukumbu fupi. Desemba 2011 mafuriko yalipiga bonde la Msimbazi, watu wakafa, na waliookolewa wakapelekwa kuanza upya Mabwepande. Desemba 2015 greda liliingia bondeni tena kubomoa nyumba za waliobaki na waliorudi. 2017 ikawa zamu ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kibaha. Nyumba, maduka, hadi za ibada, zikapigwa X na kuvunjwa kwa sababu hifadhi ya barabara pale ilihesabiwa zaidi ya mita 100 kutoka katikati. Wapo waliokuwa wamejenga kwa miaka ishirini. Wapo waliokuwa wamenunua mwaka mmoja kabla.

Hao wa mwaka mmoja kabla waliuziwa na nani? Na watu kama mimi. Dalali alichukua chake, akahamia Goba.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye kingo za mto au ufukwe zisifanyiwe shughuli za kudumu. Ukiambiwa "kiwanja kina mandhari, mto uko hapo chini", beba futi kamba. Ukiambiwa "kiko barabarani kabisa, biashara itatoka", nenda kaulize ofisi ya barabara hifadhi ni mita ngapi. Bei ya chini kuliko majirani ina sababu, na sababu hiyo dalali anaijua kabla yako.

UKITAKA KUNUNUA

Kwa mpangaji, kosa linakula miezi sita. Kwa mnunuzi linakula maisha, kwa hiyo hapa sitaki utani.

Anza kwa kujua unachonunua. Tanzania ardhi yote ni ya umma, imewekwa chini ya Rais kama mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuitumia, na hati inaandika miaka: 33, 66 au 99. Leseni ya makazi, ambayo wengi Dar wanayo, ni karatasi ya muda mfupi na si sawa na hati. Na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa si hati wala leseni. Muhuri wa mwenyekiti unaonyesha kwamba mlikaa mbele yake mkasaini. Hauonyeshi kwamba kiwanja ni cha yule aliyekuuzia.

Kama kina hati, usiangalie nakala kwenye simu ya dalali. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi, lipia upekuzi rasmi. Utaambiwa jina la mmiliki, na kama benki imekishikilia kwa mkopo, au kuna zuio la mahakama. Ada yake ni ndogo kuliko hela ya mafuta mliyotumia kwenda kukiona mara tatu. Tena nenda na mpimaji wako, si wa muuzaji, ahakikishe mawe yaliyopo ardhini ndiyo yaliyo kwenye ramani, na matumizi ya eneo ni makazi, siyo shule au eneo la wazi.

Kama hakijapimwa, na vingi havijapimwa, kazi ni kubwa zaidi. Kaa na majirani wa pande zote nne, kila mmoja kwa wakati wake, muulize nani alikuwa mwenye eneo kabla ya huyu, na kabla ya huyo. Msanii mmoja wa filamu aliwahi kuponea hapo. Dalali alikuwa amemwambia "harakisha, kuna mtu wa Oman anatuma hela kesho". Akakataa kuharakishwa, akaenda Jumapili peke yake, akamkuta bibi anapalilia mihogo kwenye kiwanja "chake". Bibi akamwonyesha karatasi za watu wawili waliokwisha kuja kabla na kujiita wanunuzi. Wa Oman hakuwepo. Siku zote huwa kuna mtu anatuma hela kesho.

Uliza ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya wanandoa haiuzwi, haiwekwi rehani wala haipangishwi bila ridhaa ya mwenzi. Kuna mchekeshaji mmoja mkubwa tu aliuza nyumba, akala hela, na aliyenunua alipofika na lori la vitu akamkuta mke amekaa kibarazani na watoto wake, hana habari ya mauzo yoyote. Anayeteseka hapo ni mke na mnunuzi, wote wawili hawakukosea. Muone mwenzi kwa macho yako, asaini. Akisema hana mke, wakili amwapishe kwa maandishi. Na kama ni mali ya marehemu, usizungumze na mtoto mkubwa anayejiita msimamizi. Omba barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, kisha wasikilize na wale wadogo zake.

Wanaonunua apatimenti kwenye maghorofa mapya, kuna Sheria ya 2008 inayoruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Muulize anayeuza: hati ya sehemu yangu imetoka, au jengo zima bado ni hati moja ya kwako? Maana kama ni hati moja na amekopea benki, siku akishindwa kulipa, sebule yako inapigwa mnada pamoja na ya jirani.

Na ndugu zetu walio Marekani, Uingereza na Uarabuni mnaonunua kwa video ya WhatsApp, msimtume binamu peke yake. Mtume wakili, binamu aende kumsindikiza. Waliochukua uraia wa huko waongee na wakili kabla ya kutuma hata dola, maana Sheria ya Ardhi ina masharti yake kwa asiye raia.

NINACHOTAKA TUBADILISHE

Nikiongea haya, madalali wenzangu wananiuliza naharibu biashara kwa faida ya nani. Nawajibu hivi: biashara imeshaharibika. Mteja anakuja ameshajua atadanganywa, anadanganya na yeye, mwenye nyumba anadanganya wote, na tunakutana watu watatu ambao hakuna anayemwamini mwenzake, tunapeana milioni mbili na laki nane.

Pendekezo langu ni kwamba udalali ulipwe kwa awamu mbili. Nusu siku ya funguo, nusu baada ya siku thelathini za kukaa ndani ya nyumba. Ndani ya siku hizo mvua itanyesha au maji yatakatika, mita itajulikana ni ya nani, na mwenye nyumba wa kweli atajitokeza. Kama niliyokwambia ni kweli, unanimalizia. Kama nilisema maji kila siku na yanatoka Jumatano peke yake, tunaongea upya.

Wenzangu wanasema mpangaji atakimbia na ile nusu. Wapo watakaokimbia, kweli. Ndiyo maana iandikwe, kama vile kodi inavyoandikwa, na saini ziwepo. Mimi nimeanza na wateja wachache. Baadhi wamenizungusha, wengi wamelipa, na waliolipa wamenileta kwa dada zao na wafanyakazi wenzao. Lakini kilichobadilika zaidi ni mdomo wangu. Nikijua hela yangu iko mbele, siku thelathini mbele, kuna nyumba siwezi tena kuisifia.

Kama dalali wako hataki awamu mbili, basi fanya hili dogo ambalo halimgharimu kitu. Kabla hujalipa, mtumie ujumbe: "Naomba niandikie hapa uliyoniambia. Maji siku ngapi, LUKU ya nani, mwenye nyumba ni nani, na kama eneo halijawahi kujaa maji." Mkweli ataandika ndani ya dakika tano. Mwingine atakupigia simu kusema hakuna haja ya kuandikiana, sisi ni ndugu.

Nawaachia wadau. Waliowahi kumlipa dalali awamu mbili, na wenye nyumba mnaokataa mabinti wanaoishi peke yao, semeni hapo chini. Nyie wa pili ndio hasa nataka kuwasikia.